Mwaka Niliotafuta pa Kuzikwa

Madam alinitumia ujumbe jana. Si wa maandishi; Madam hajawahi kuwa na subira ya kuandika. Ni sauti: "Consolata, Mama amefariki leo asubuhi. Tumemzika baada ya alasiri. Muombee kwa namna yenu." Nyuma ya sauti yake nilisikia vikombe vya kahawa vikigongana na wanawake wakisalimiana, maana watu wa tanzia walikuwa wameshaanza kufika. Nilikaa na simu mkononi nikiwaza. Asubuhi amekufa, jioni ameshalala kaburini. Kwetu Bungoma saa hiyo hata hema halijapatikana, kamati ya mazishi inabishana nani awe mwenyekiti, na kuna mjomba mahali amenuna kwa sababu aliambiwa wa pili badala ya wa kwanza. Nililia, sitadanganya. Halafu nikacheka, kwa sababu yule mama angefurahi kuzikwa upesi vile. Hakuna kitu alichochukia kama kungojeshwa.

Watu hupenda kuniuliza Saudia ilikuwaje, na ninaona machoni mwao wanangoja habari za pasi ya moto na mlango wa kufuli. Wako waliopatwa na hayo, nami nimewashika mikono baadhi yao, kwa hiyo siyafanyii mzaha. Lakini yangu haikuwa hivyo. Yangu ilikuwa nyumba kubwa mtaa wa Al-Malqa, kaskazini mwa Riyadh, vyumba vingi kuliko watu, marumaru kila mahali hata pasipohitaji marumaru, na ndani yake mwanamke mzee aliyepooza upande wa kushoto. Tulimwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa, kwa kuwa alikuwa mama yake Baba mwenye nyumba, mume wa Madam. Chumba chake kilikuwa chini, ubavuni mwa jiko, na kitanda changu kilikuwa humo humo nyuma ya pazia. Kilinuka udi na mafuta ya zeituni, na kwa mbali dawa ya kusafishia sakafu. Asubuhi nilimlisha jarish, ule uji mzito wa ngano iliyopondwa, kijiko kimoja kimoja upande wa mdomo uliokuwa bado unatii. Chumvi ikipungua aliutema. "Mafi!" angesema, hakuna, hakuna kitu humu, na ananikazia jicho kana kwamba chumvi nimeiiba mimi. Nilimgeuza kila baada ya saa mbili. Nilimkagua nyayo kwa sababu ya kisukari, kidole kwa kidole. Kwa miaka minne hakupata kidonda cha kulalia hata kimoja. Naomba aliyewahi kuuguza mtu asome sentensi hiyo tena. Hata kimoja.

Nilikuwa nimesomea kazi hiyo. Nilikuwa na cheti cha uuguzi msaidizi na nilishafanya wadi miaka sita kabla ya kupanda ndege. Lakini ikama yangu, kile kitambulisho ambacho bila hicho mgeni kule si mtu, ilisema mfanyakazi wa nyumbani. Wageni wakija, Madam alisema, "Huyu ni msichana wetu wa kazi, mzuri sana," na alisema kwa mapenzi kabisa, mkono begani mwangu. Msichana! Nilikuwa na miaka thelathini na minane, na goti moja lilikuwa limeshaanza kulalamika kwenye ngazi. Leo namwelewa Madam kuliko nilivyomwelewa siku zile, lakini siku zile maneno hayo yalinichoma. Nilijua vilevile kwamba siku Mama Kabira atakapofumba macho, kazi yangu hapo itakuwa halas, imekwisha, nami nitarudi na sanduku moja na cheti ambacho hakuna aliyewahi kukiulizia. Nilitaka, kabla goti la pili halijaharibika, nifike mahali ambapo kazi yangu ingeitwa kazi. Mwaka huo wote niliumiza kichwa juu ya jambo hilo moja.

Aliyeniletea habari alikuwa Rehema, mtu wa Likoni, ambaye tulikaa viti vya jirani kwenye ndege ya kwanza na hatujaachana tena. Yeye alikuwa Jeddah, mtaa wa Kandara, akishona katika duka la mabaibui. Tulizungumza kwa simu kila siku baada ya chakula cha mchana, Mama Kabira akisinzia. Siku hiyo alianza bila salamu, na mtu wa Mombasa akiacha salamu ujue kuna jambo.

"Shoga, sikiza. Kuna miji Kanada, midogo midogo, huko ndani mashamba. Watu wake wazeeka na vijana wao wakimbilia mjini. Sasa wataka watu wa kazi, wauguzi, mafundi. Na anayekudhamini si mtu. Ni mji!"

"Mji wote?"

"Mji wote, wallahi. Kuna kamati yao, wakaa, wakuita wakuangalia, wakikupenda waiandikia serikali yao barua. Yaani kafili wako, mdhamini wako, ni kijiji kizima."

Nilimwambia Baba mmoja na Madam mmoja wananitosha, kijiji kizima cha makafili nitakiweza wapi? Nani atanituma dukani na nani atanikataza? Rehema alicheka mpaka nikasikia cherehani yake inasimama. Lakini jioni hiyo nilisoma ule ukurasa alionitumia, nikausoma tena kesho yake, na wiki iliyofuata nikaanza kukusanya vyeti. Mji wenyewe ulikuwa na jina refu ambalo Rehema hakutaka kujisumbua nalo, akaubandika jina Barafuni, na mpaka leo mimi na yeye tunauita hivyo. Barafuni palikuwa na nyumba ya kutunzia wazee, wazee wengi na mikono michache. Mkuu wake, Bi Margaret, alijibu barua yangu ya kwanza siku ya pili. Nilifanya mtihani wa Kiingereza palepale Riyadh, Baba akinipeleka mwenyewe kwa gari lake akidhani ni mambo ya ubalozi, na mimi nikimwacha adhani. Nilifaulu. Kilichobaki kilikuwa barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba kweli nilikuwa namuuguza mgonjwa, si kupangusa vumbi tu. Hapo uongo wa ubalozi ukafika mwisho wake.

Niliwaambia Baba na Madam wakati wa kahawa, tende zikiwa mezani, maana hata habari mbaya huteremka vizuri na tende. Madam alikusanya vikombe mwenyewe, kitu ambacho sikuwahi kukiona, akaenda zake juu, na kwa siku tatu alizungumza nami kupitia kwa watoto. Siku ya tatu nilikuwa jikoni nikichuja mchuzi wa Mama Kabira, mlango wa sebule uko wazi, nikawasikia. Madam alisema, "Akienda, nani atamgeuza Mama? Nani atajua chumvi yake? Nani atamkagua miguu?" Baba akasema, "Rudia polepole, nichukue kalamu. Hayo ndiyo wanayotaka kuyajua." Nilisimama na chujio mkononi mchuzi ukipoa. Ile barua ilitoka hivyo, malalamiko ya Madam yakageuka sifa zangu, moja baada ya nyingine. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Baba alikuwa na ghala la matairi kule Al-Sulay, na muhuri pekee aliokuwa nao ulikuwa wa ghala hilo. Kwa hiyo Barafuni walipokea karatasi yenye picha ya gurudumu juu kabisa, ikithibitisha kwamba Consolata Nekesa hugeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili.

Mahojiano ya kwanza niliyafanyia chumba cha kufulia, kwa sababu ndicho chenye mlango wa kufungika na mtandao mzuri. Nilitundika shuka jeupe nyuma yangu kuficha mabomba. Rehema alikuwa amenipa somo wiki nzima: wakikuuliza baridi, sema waipenda, wakikuuliza samaki, sema ndio chakula chako, cheka, lakini si sana. Kwenye kioo cha simu walitokea watatu mezani: Bi Margaret mwenye miwani, mwanamke mmoja wa halmashauri aliyeandika kila kitu, na mwanamume mzee sana aliyevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba. Huyo alikuwa Mzee Walter. Waliniuliza habari za matairi kwanza, tukacheka wote, na mambo yakaenda uzuri. Niliwaeleza vidonda, kisukari, namna ya kumlisha aliyepooza asipaliwe. Bi Margaret alikuwa akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua. Nikajisemea moyoni, Consolata, umeingia. Ndipo Mzee Walter akakohoa akauliza swali lake moja, kwa upole kabisa: "Sasa, mama, tuambie. Kwako wewe, nyumbani ni wapi, ukitazama mbele miaka yote?"

Sasa hapa nataka nieleweke. Kwetu, mtu akikuuliza nyumbani ni wapi, anakuuliza utazikwa wapi. Kuna mahali unapokaa, na hapo panaweza kuwa Nairobi, Riyadh au mwezini, na kuna nyumbani. Mtu asiyejua kaburi lake liko kwa nani ni mtu wa kutangatanga. Hapewi binti wa watu, haaminiwi na ufunguo wa kanisa. Nikaona huyu mzee ananipima kama mzee yeyote wa kwetu angenipima, anataka kujua kama mimi ni mtu wa watu au ni gugu la njiani. Nikanyoosha mgongo. Nikamjibu kwa fahari yangu yote: "Nyumbani kwangu ni Bungoma, mzee. Baba yangu amezikwa huko, babu yangu huko, na mimi nitazikwa huko huko. Popote nitakapofanya kazi, mwili wangu utarudi nyumbani. Hilo halina shaka." Nilidhani najisifu! Mwanamke wa halmashauri aliacha kuandika. Bi Margaret akavua miwani akaivaa tena. Mzee Walter akasema asante, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Barua yao ilikuja baada ya siku nne, na sikuwahi kusoma barua ya upole inayouma hivyo. Walisema wamependa kazi yangu, hawana swali juu ya kazi yangu. Lakini mji wao ulishadhamini watu wakaja, wakapata karatasi, wakahamia miji mikubwa kabla theluji ya pili haijaanguka. Sasa wanatafuta mtu wa kubaki, na mimi kwa kinywa changu nimewaambia nyumbani kwangu ni kwingine na mwisho wangu ni kwingine. Wangezungumza nami mara moja tena baada ya mwezi, kisha waamue. Nilimsomea Rehema kwenye simu.

"Consolata. Watu wakuita kazini, wewe wawaambia habari za jeneza?"

"Waliniuliza nyumbani ni wapi!"

"Wee! Si ungesema tu nyumbani ni moyoni, ukanyamaza?"

Mwezi huo baridi ya Riyadh ilianza kuingia mifupani mwa Mama Kabira, na kama kila mwaka tulimhamishia Jeddah kwa binti yake, penye joto. Mimi niliruhusiwa Ijumaa nzima, na Ijumaa zangu zilikuwa za Kandara. Chumba cha Rehema kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la mabegi, ngazi zenye harufu ya vitunguu vya watu wa nchi kumi. Walikuwa wanne ndani, magodoro yakisimamishwa ukutani mchana ili pawe sebule. Dirisha lilitazama dirisha la jirani, karibu kiasi cha kupeana chumvi, na kweli walipeana. Tulipika ugali kwenye jiko la umeme la kichwa kimoja, unga tukiupata kwa Msomali wa kona, na mboga tuliyoiita sukuma ingawa haikuwa sukuma. Sijakula kwa raha mahali popote kama nilivyokula kwenye sakafu ile. Wakiwa wanakula, wote wanne walinishauri kitu kimoja: danganya. "Waambie utazikwa hapo hapo Barafuni," Rehema alisema, akikata tonge. "Kwani mtu akishakufa ajua kalazwa wapi? Sisi twazikwa tulipofia. Mimi nikifa leo, magharibi haiingii niko chini hapa hapa Jeddah, na mamangu Likoni atanisomea huko huko aliko. Wewe wataka kusafirishwa kama mzigo, kwa nini?"

Nilikasirika. Nilimwambia haelewi mila za watu, nikaosha mikono nikaondoka kabla ya chai. Ninayakumbuka hayo kwa aibu, lakini hasira yangu ilikuwa ya kweli: mtu anaweza kudanganya kuhusu samaki, lakini kuhusu kaburi lake? Hiyo ni kujilaani. Ila njiani, nikipita kando ya kituo cha zamani cha mabasi, wazo likaniingia ambalo halikuwahi kuniingia, na likakataa kutoka. Nilikuwa nimewaambia wale wazungu "hilo halina shaka." Nani aliniambia halina shaka? Niliolewa kwa kina Barasa, nikatoka huko bila mtoto na bila kuaga miaka kumi na miwili nyuma. Nikaketi kwenye ukingo wa duka lililofungwa kwa ajili ya sala, nikampigia ndugu yangu Wafula, mkubwa wa boma tangu baba yetu afariki.

"Wafula, nikifa leo mtanizika wapi?"

Nilisikia kuku. Kisha: "Dada, unaumwa?"

"Siumwi. Nijibu."

"Sasa haya ni maswali gani, Ijumaa ya watu? Si wewe uliolewa kwa kina Barasa?"

"Nilitoka kwa Barasa. Unajua nilitoka."

"Eh. Hapo ndipo kuna shida kidogo." Akavuta pumzi. "Unajua mila, dada. Si mimi. Binti aliyetoka kwa bwana hawezi kulala mbele ya nyumba pamoja na wazee. Wazee hawatakubali. Lakini hatuwezi kukutupa, sisi si wanyama. Kuna pale nyuma, nje ya ua, chini ya migomba."

"Pale mnapomwaga majivu?"

"Siku hizi hatumwagi sana," alisema Wafula. "Lakini usijali. Ikifika, tutakaa kikao."

Tutakaa kikao! Nyumba ile niliiezeka mimi. Bati moja moja. Sikumtukana, na mpaka leo sijui nguvu hiyo niliitoa wapi; nilimwambia asalimie watoto. Wafula si mtu mbaya. Ananipenda, nami nampenda, na angeuza koti lake kunisafirisha. Lakini angenisafirisha mpaka kwenye migomba. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na nimegundua kwamba hakunidanganya hata mara moja. Ni mimi sikuwahi kuuliza.

Nilirudi nyumbani kwa binti wa Mama Kabira nikafanya kazi yangu. Nilikuwa namwosha mama, maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, nikianzia upande uliolala. Alinishika kidevu kwa mkono wake mzima.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Basi unamlilia nani?"

Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, lakini nilimweleza kama nilivyoweza. Nikamwambia kwetu wanajadili mahali pa kunizika na mimi bado niko hai. Yule mzee alicheka mpaka ikabidi nimwinue asipaliwe. Yeye alizaliwa Jeddah na kuolewa Riyadh, na ndugu zake wote walikuwa wamelala katika makaburi ya Jeddah, mawe matupu yasiyo na jina. Nikamuuliza kama hatamani kulala nao. Aliniangalia kama ninavyoangaliwa nikisahau chumvi. "Atakaponikuta Mungu, papo hapo," alisema. "Anayekuosha ndiye mtu wako. Hao wengine ni wageni wa kahawa." Kisha akasema maji yamepoa, yalla, nimalize. Nilimaliza. Nilipomfunika shuka nilijua sitadanganya Barafuni, ila pia nilijua jibu langu la kwanza halikuwa kweli.

Mahojiano ya pili yalikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, asubuhi kwao, chumbani kwa Rehema. Nilikuwa nimeshamwomba radhi; alinijibu kwa kunipakulia chakula, na hayo yakaisha. Aliwatuma wenzake madukani, akageuza magodoro yafiche nyaya, akajikunja sakafuni nyuma ya simu asionekane. Wakatokea wale wale watatu, kofia ile ile ya sufu. Bi Margaret alianza taratibu kunieleza hofu yao, nikamwomba ruhusa niseme kwanza, maana nilijua nikingoja nitalia.

"Mara ile mliniuliza nyumbani ni wapi, nami niliwajibu kwa heshima. Kwetu swali hilo ni la kaburi. Niliwaambia halina shaka. Baadaye nilipiga simu nyumbani kuuliza. Nimeambiwa mahali pangu ni nje ya ua, na hata hapo mpaka wakae kikao." Mwanamke wa halmashauri hakuwa akiandika. "Kwa hiyo sitaki kuwadanganya tena, hata kwa bahati mbaya. Siwezi kuapa kwamba nitaipenda baridi yenu, sijawahi kuiona. Ninachoweza kuapa ni kwamba sijawahi kumkimbia mgonjwa. Nyinyi mnataka mtu wa kubaki. Sawa. Mtu wa kubaki mwisho wake hufa. Basi na mimi ninalo swali. Nikibaki, nikazeeka, nikafa kwenu, mtaniweka wapi? Ndani ya ua au nje?"

Nilisikia jirani wa dirishani akikaanga kitu. Rehema pale chini alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, na nilijua anasema moyoni, amerudia tena jeneza, mwanamke huyu. Nikaona nimeharibu. Mzee Walter alisukuma kiti chake nyuma akaondoka kwenye picha, tukasikia droo zikifunguliwa na kufungwa, na mtu mzima akinung'unika.

Aliporudi alikuwa na karatasi kubwa iliyokunjwa kama bomba. Akaitandaza mbele ya kamera, Bi Margaret akishika ncha moja kwa kikombe cha kahawa. Ilikuwa imechorwa mistari, visanduku vingi vidogo, vingine vina majina kwa mwandiko wa wino, vingine vitupu.

"Mimi ndiye ninayetunza makaburi ya mji huu, mama," alisema. "Wote waliokuja hapa mbele yako wameniuliza shule, mtandao, na uwanja wa ndege uko umbali gani. Sijawahi kuulizwa hili." Akaweka kidole kinene kwenye karatasi. "Ua ni huu hapa, na sisi sote tuko ndani yake, hatuna nje. Safu hii ni ya kwetu. Huyu ni mke wangu. Hapa ni mimi. Hivi viwili tuliwawekea watoto, lakini watoto walishaondoka, wameniambia hawarudi. Chagua."

Rehema alinifinya mguu. "Chagua cha njiani, shoga," alinong'ona. "Upate wa kukusalimu!"

"Jambo moja tu," alisema Mzee Walter. "Hapa ardhi huganda. Ukifa Januari itabidi ungoje mpaka Mei ndio tupate kuchimba. Kwa hiyo jitahidi, tafadhali."

Nilicheka na nikalia, vyote pamoja, kamasi na yote, mbele ya kamati ya watu. Bi Margaret naye alikuwa amevua miwani na hakuirudisha. Nikanyoosha mkono nikagusa kioo cha simu, kisanduku cha upande wa njia.

"Hicho," nikasema.

Mzee Walter alitoa kalamu mfukoni, akaijaribu kwanza kwenye kiganja chake kama inaandika. Kisha akainama juu ya karatasi akaniuliza jina langu la ukoo huandikwaje.

"N," nikamwambia. "E. K."

"Polepole, mama," alisema. "Hii haifutiki."